Taa za pilipili za ndani: usinunue kwa macho

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaopanda pilipili ndani ya nyumba ni "ninunue taa ya wati ngapi?" na mimi huwa nawarudishia, wati zipi? Kwa sababu kwenye boksi la taa kuna wati za aina mbili, zile kubwa zilizoandikwa mbele kwa mbwembwe na zile ndogo zilizojificha nyuma karibu na volti, na hizo ndogo ndo za kweli. Unakuta boksi limeandikwa 1000W, ukiichomeka taa yenyewe kwenye kipima umeme inakula 100 au hata chini ya hapo, ukiuliza unaambiwa eti ni "sawa na" taa ya zamani ya wati 1000. Sawa kwa kipimo gani, hawasemi.

Mimi mwenyewe nishaliwa hivyo. Taa yangu ya kwanza ilikuwa ile ya zambarau, chumba kizima kinawaka kama disko, nikasema hapa sasa nitakula pilipili mpaka nigawe kwa majirani. Baada ya siku kumi miche ilikuwa imerefuka kama uzi, vijani viwili tu juu, shina limeinamia dirishani linatafuta jua. Yaani taa ipo inawaka juu ya kichwa chake na mche bado unatafuta mwanga kwingine! Hapo ndo nikaelewa kwamba macho yangu na jani la pilipili havioni kitu kimoja.

Jicho la mtu linapenda zaidi kijani na njano, na lumeni zinazoandikwa kwenye balbu zinapimwa kwa kufuata jicho hilo. Mmea unatumia mwanga wa nanomita 400 mpaka 700 hivi, kuanzia buluu hadi nyekundu, na kinachohesabika ni chembe ngapi za mwanga zinatua juu ya majani kila sekunde. Kipimo chake kinaitwa PPFD, kinahesabiwa kwa maikromoli (namna ya kuhesabu hizo chembe kwa mafungu makubwa) kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, na taa ya maana inakuja na ramani yake. Miche midogo inaridhika na 150 mpaka 250, ikishachanganya majani ipandishie 300 hadi 400, ikianza maua na matunda mpe 400 mpaka 600. Kwenye hiyo ramani usiangalie namba ya katikati peke yake, hiyo ndo wanayopenda kuitangaza, angalia za kwenye kona maana na huko kuna chungu kimekaa.

Namba hiyo haifanyi kazi bila saa. Maikromoli 400 kwa saa 16 zinampa mmea kama moli 23 kwa siku (moli moja ni maikromoli milioni), na pilipili inayozaa inataka kati ya 20 na 30, kwahiyo uko vizuri. Ukiwa na 200 kwa saa hizohizo unapata 11 na nusu, mche utakua bila shida ila ukifika wakati wa kuzaa utaona maua machache na mengi yanadondoka, na wengi hapo wanakimbilia mbolea wakati shida iko juu kwenye taa.

Kama huna kipimo, na wengi hatuna, simu inasaidia. Pakua app ya kupima lux, yaani mwanga kama jicho linavyouona, laza simu pale majani yalipo, kioo kikiangalia juu, kisha gawanya namba unayopata kwa 70. Lux 21,000 ni kama maikromoli 300. Ni makadirio tu na simu zinatofautiana, tena inafanya kazi kwa LED nyeupe, kwa taa ya zambarau usijisumbue, namba itakudanganya.

Ambayo ni sababu moja ya mimi kuikataa zambarau. Sababu kubwa zaidi ni kwamba chini ya zambarau huoni kitu. Jani linaonekana jeusi, huwezi kujua kama linapata umanjano au liko fiti, na vidukari wanajazana chini ya jani wiki nzima wewe unapita tu unasifia. LED nyeupe kiukweli ni LED ya buluu iliyopakwa fosfori, unga unaobadilisha sehemu ya buluu kuwa rangi nyingine, ndani yake kuna buluu, kijani na nyekundu, na ule kijani ambao watu wanasema unapotea bure ndo unaopenya mpaka majani ya chini. Chukua nyeupe ya kati ya 3000K na 4000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo inaelekea njano, kubwa inaelekea buluu) itakufikisha mpaka mavuno. 6500K ni nzuri kwa miche, inaifanya iwe mifupi na minene.

Ukubwa sasa. Kwa eneo la sentimita 60 kwa 60 tafuta wati 70 mpaka 100 za kweli, na uangalie inatoa maikromoli ngapi kwa kila jouli ya umeme, yaani kwa kila wati moja inayotumika kwa sekunde moja. 2.5 kwenda juu ni taa nzuri, chini ya 1.5 unalipia joto. Maana bili ipo jamani, wati 100 kwa saa 16 ni uniti 1.6 kwa siku, mwezi unakaribia 48, piga hesabu kabla hujaagiza taa tatu. Ukuta mweupe au kitu cha kurudisha mwanga pembeni kinaokoa mwanga mwingi ambao ungeishia sakafuni.

Kimo cha kuning'iniza: paneli ya LED anza na sentimita 30 mpaka 45 juu ya majani, zile za mrija hazina nguvu hivyo zinashushwa hadi 5 au 10. Baada ya hapo mmea wenyewe utakuelekeza. Shina likirefuka na nafasi kati ya jani na jani ikiwa kubwa, shusha. Majani ya juu yakijikunja kwenda juu au yakipauka wakati ya chini ni kijani safi, pandisha au punguza nguvu. Ila rangi ya zambarau kwenye vifundo vya shina isikutishe, pilipili nyingi zinayo tu.

Taa iwake saa 14 mpaka 16 halafu izime, weka taima maana utasahau. Pilipili haisubiri urefu wa usiku ndo itoe maua, lakini kuiwashia saa 24 ni kuichosha bure. Mbegu ambayo haijaota haihitaji taa kabisa, inahitaji joto la nyuzi 25 mpaka 30, washa ukishaona kichwa kimetokeza. Na joto likipita 32 maua yanaanza kuanguka hata kama mwanga ni wa kutosha, kwahiyo feni ndogo ipulize, inakomaza shina na inatikisa maua yachavushe, maana ndani hakuna upepo wala nyuki.

Kitu kingine, waya. Unamwagilia hapohapo penye umeme, kwahiyo acha waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, tone likitiririka lidondokee sakafuni na sio ndani ya plagi.