Jinsi ya Kuomba Maondoleo ya Dhambi kwa Padre

Kabla ya kupiga magoti, mwamini Mkatoliki aelewe kwanza anamwendea nani. Msamaha si mali ya padre. Ni wa Mungu, na padre huutoa kwa jina la Kristo, ambaye jioni ya siku ya ufufuko aliwavuvia mitume Roho Mtakatifu na kuwapa mamlaka ya kuondolea dhambi au kuzifunga (Yohane 20:22-23). Ndiyo maana maondoleo ya padre aliye mdhambi ni halali, na Papa mwenyewe huungama kwa padre mwingine. Hata hivyo, upadre peke yake hautoshi, kwa kuwa Sheria ya Kanisa inamtaka muungamishi awe na ruhusa ya kuungamisha, isipokuwa pale mtu anapokuwa katika hatari ya kufa, ambapo padre yeyote, hata aliyeondolewa katika huduma, aweza kumwondolea.

Maandalizi hufanyika kabla ya kuingia kitubioni, yaani mahali pa kuungamia. Chunguza dhamiri yako kwa utulivu, ukitumia Amri Kumi za Mungu kama unapenda, kisha uombe majuto ya kweli pamoja na nia ya kutorudia. Bila majuto, maneno yote yatakayofuata hayana kazi.

Ukiingia, fanya ishara ya msalaba na kumwambia padre muda uliopita tangu ulipoungama mara ya mwisho. Mweleze pia hali yako ya maisha, yaani kama una ndoa, ni mseja au mtawa, maana tendo lilelile huwa na uzito tofauti kwa watu tofauti. Kisha taja dhambi zako. Dhambi za mauti, yaani dhambi nzito zilizotendwa kwa kujua na kwa hiari, sharti zitajwe zote unazozikumbuka, kwa aina yake na idadi yake. Dhambi nyepesi si lazima, ingawa Kanisa linahimiza nazo ziungamwe. Hapa ndipo wengi wetu hujificha nyuma ya maneno mapana. Anayesema, "Sikuwa mwema nyumbani," hajampa padre kitu cha kushika. Anayesema, "Nimemtukana mke wangu mara tatu mbele ya watoto," ameungama. Wala si lazima kusimulia kisa kizima au kutaja majina ya wenzako.

Padre akiuliza swali, usidhani anakudadisi. Yeye ni hakimu na tabibu kwa wakati mmoja, na tabibu hawezi kutibu kidonda asichoonyeshwa. Dhambi uliyoisahau bila kukusudia imesamehewa pamoja na nyingine, nawe utaitaja utakapoungama tena. Lakini ukificha dhambi ya mauti kwa makusudi, maungamo yote yanabatilika. Aibu isikuzuie, kwa sababu siri ya maungamo haina kipengele cha kuivunja: padre anayeitoboa moja kwa moja hutengwa na Kanisa papo hapo, na hata mkalimani, pale anapohitajika, hufungwa na siri hiyohiyo.

Baada ya mashauri, padre atakupa malipizi, yaani sala au tendo la kulipia dhambi, ambayo wengi huyaita kitubio, nawe utasali Sala ya Kutubu. Ndipo atakaponyosha mkono na kutamka maneno ya maondoleo, ambayo kiini chake ni, "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Itikia, "Amina." Maneno hayo hayatolewi kwa simu wala kwa intaneti, wewe na padre sharti muwepo pamoja. Vilevile, padre aweza kuahirisha maondoleo endapo huna nia ya kuiacha dhambi, kwa mfano unapokataa kurudisha ulichoiba ilhali uwezo unao.

Timiza malipizi mapema, usije ukayasahau. Yakikushinda au usipoyaelewa, mwambie padre palepale kabla hujainuka, naye aweza kukubadilishia.