Eastbourne: soma majira ya maji kabla ya kushuka ufukweni
Anayezuru Eastbourne, kusini mwa Uingereza, asiishie kwenye gati lake lililofunguliwa mwaka 1870, bali aendelee magharibi hadi Birling Gap, ambako hushukwa ufukweni chini ya magenge meupe ya chaki yaitwayo Seven Sisters. Kabla ya kushuka, asome jedwali la maji kupwa na kujaa, kwa kuwa bahari ikijaa, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makuu, hufika hadi chini ya genge na kumfungia mtu njia ya kurudi. Juu ya genge la Beachy Head, lililo kati ya Eastbourne na Birling Gap, penye kimo cha mita 162, asisogelee ukingo hata kwa ajili ya picha, kwani chaki humeguka ghafla, na panapoonekana imara huenda pana uwazi chini yake. Ufukwe wenyewe ni wa kokoto, ndara hazifai.