Baiskeli ya resi ya zamani kwa anayenunua mara ya kwanza: nunua fremu, mengine yanapatikana

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, watu wananiuliza sana habari za baiskeli za resi, na wengi wakishasikia bei ya mpya wanageukia zile za zamani za chuma, zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo na vile vijiti viwili vya gia kwenye bomba la chini. Uamuzi mzuri sana. Mimi mwenyewe naendesha ya chuma na sijaona sababu ya kuiacha. Ila kwa mgeni kuna sehemu kibao za kupigwa, na mara nyingi sio kwamba muuzaji kadanganya, hata yeye hajui anauza nini, imeshuka kwenye kontena pamoja na mafriji na mapasi, kaifuta vumbi, kaipaka oili ing'ae, basi.

Kabla hujaenda popote jipime. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, bana kitabu katikati ya miguu kikae juu kabisa, mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka kwenye mgongo wa kitabu. Hiyo namba zidisha mara 0.65. Ukipata sentimita 83 jibu ni kama 54, hiyo ndio saizi yako ya fremu, na kwenye baiskeli unapima bomba lililosimama la siti, kuanzia katikati ya ekseli ya padeli mpaka katikati ya bomba la juu pale yanapoungana. Ikizidi moja au ikipungua moja sio shida. Ikizidi nne achana nayo hata ingekuwa nzuri vipi. Winga atakwambia "bro utashusha siti tu", siti itashuka kweli lakini bomba la juu halifupiki, utakuwa umejinyoosha kama unafua nguo mtoni na baada ya nusu saa shingo na mikono inakufa ganzi. Zinazotoka Uholanzi utakuta nyingi ni kubwa, 60 mpaka 62, za Japani ndio mara nyingi zinatukaa wengi wetu.

Sasa fremu. Hapa ndio pa kukaa muda mrefu, maana fremu ikiwa nzima kila kitu kingine kinabadilishwa, na fremu ikiwa mbovu hata ukifunga vitu vya dhahabu umepoteza. Angalia stika kwenye bomba la siti. Reynolds 531 ni mabomba ya Birmingham kule Uingereza, yapo tangu 1935, chuma chenye manganizi na molibdeni, jepesi na linanesa vizuri barabarani. Columbus ni ya Italia, Tange na Ishiwata ni za Japani. Ukiona mojawapo ya hizo na stika inaonekana ya siku nyingi, moyo unaruhusiwa kudunda. Kama haina stika usikate tamaa, mwambie muuzaji akuruhusu uchomoe siti na paipu yake yote. Kwenye ile paipu huwa kuna namba imegongwa, ni unene wake kwa milimita. Ikiwa 27.2 mara nyingi mabomba ni membamba na ya maana, ikiwa 26 au chini mara nyingi ni chuma cha kawaida kizito, inatembea vizuri tu lakini usilipe bei ya 531.

Na hilo la kuchomoa paipu lina faida ya pili ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko ya kwanza. Niliwahi kununua moja ya bluu, nzuri mpaka majirani walikuwa wanasimama kuiangalia, siti ilikuwa chini kidogo nikasema ntaipandisha nyumbani. Haikupanda. Paipu ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, jasho na unyevu vinaingia, vinashikana kama vimechomelewa. Tulimwaga oili tukasubiri siku tatu, fundi akaleta spana ya bomba, paipu ikasokotwa ikakatika, ikabidi tuikate kwa ndani na bleidi ya msumeno kidogo kidogo kwa siku mbili huku tukiomba tusitoboe fremu. Tangu siku ile paipu ya siti isipochomoka mbele ya macho yangu na shingo ya usukani isipolegea, sitoi hela. Usione aibu kubeba alenki zako na spana, muuzaji mstaarabu atakuelewa.

Ukimaliza hapo pitisha vidole taratibu chini ya bomba la juu na bomba la chini, pale nyuma tu ya bomba fupi la mbele linaloshika foku. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele hukunjika hapo, unasikia kama wimbi dogo au rangi imepasuka mistari midogo. Vidole vinajua kabla ya macho. Angalia na foku kwa ubavu, mikono yake iende moja kwa moja kutoka juu halafu ijipinde mbele taratibu, ukiona imerudi nyuma ujue ilipigana na ukuta. Kwa kunyooka kwa fremu kuna mtihani wa uzi, funga uzi pale gurudumu la nyuma linapofungwa upande mmoja, uzungushe mbele kwenye lile bomba fupi linaloshika foku, uurudishe upande wa pili, vuta ukaze, halafu pima kutoka uzi mpaka bomba la siti kushoto na kulia. Zikilingana fremu imenyooka. Zikipishana milimita nne tano tafuta nyingine.

Kwa sisi wa pwani kutu ndio adui. Ile ya juu juu inayotoka ukisugua na steli waya haina neno. Ya kuogopa ni rangi iliyovimba kama malengelenge, hapo chuma kinaliwa kwa ndani. Pindua baiskeli uangalie tumbo la ekseli ya padeli, maji yote hukusanyika hapo. Na ukikuta imepigwa rangi mpya ya sprei, uliza kwa nini, sio kwa ubaya, uliza tu na usikilize jibu.

Magurudumu, nisikilize vizuri hapa maana hela nyingi zinapotelea hapa. Ukiuliza dukani "tairi saizi gani" utajibiwa 28, na 28 ziko zaidi ya moja. Tairi la Foniksi la 28 lina namba 635 pembeni, ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi la resi linaloandikwa 700C lina 622, na nalo wengine wanaliita 28. Halafu resi nyingi za miaka ya 70 na mwanzo wa 80 zina inchi 27, hiyo ni 630. Hizo tatu haziingiliani hata kwa kulazimisha. Kwa hiyo soma ile namba ya tarakimu tatu ubavuni mwa tairi. Ukikuta 622 umepata bahati. Ukikuta 630 ujue tairi utalisaka sana, japo fremu nyingi za hivyo zinakubali kuwekewa rimu za 622, tofauti ni milimita nne tu kutoka katikati, angalia kama raba za breki zina nafasi ya kushuka hizo nne. Tairi za kubandikwa na gundi kwenye rimu waachie wazoefu.

Beba sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinasa kwenye rimu ni chuma chenye kromu, inapendeza lakini masika ikianza breki inateleza na gari liko mbele yako. Alumini hainasi, ndio ya kuchukua.

Kuhusu nchi ilikotoka. Peugeot za zamani, jina lilelile la magari, ni nzuri kuziangalia, pamoja na Gitane na Motobécane, lakini Wafaransa wakati ule walikuwa na nyuzi zao za ekseli ya padeli, yaani ile mikato ya kuzungushia vikombe vya ekseli ndani ya fremu, kipenyo milimita 35, na vipuri vyake huku ni kuzunguka mji mzima. Waitalia wana 36. Waingereza wengi na karibu Wajapani wote wanatumia kipimo cha Kiingereza ambacho mpaka leo kinatengenezwa. Kwa mara ya kwanza chukua Raleigh, Miyata, Panasonic, Fuji, Bridgestone, utalala usingizi.

Cheni ipime kwa tepu ya chuma ya seremala. Anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya nane cheni imekwisha na huenda imeshakula na friwili, yale meno ya gia za nyuma, zote mbili zinabadilishwa. Gia zisizo na mlio wa tik tik, zile za kuhisi kwa mkono, usizikimbie, unazoea ndani ya wiki na zinakubali karibu friwili yoyote. Zile za tik tik kampuni ya Shimano ya Japani ilizileta kwenye resi 1984 na zinataka vitu vinavyoendana. Halafu bana breki ya mbele utikise baiskeli mbele nyuma, ikigonga gololi za shingo zimelegea, hiyo inakazwa. Ila ukinyanyua mbele ukageuza usukani taratibu na ukanasa pale katikati, bakuli zimechimbika, hesabu zipya.

Bei sasa. Usianze na anachotaka yeye. Jumlisha kwanza tairi mbili, tyubu, cheni, raba za breki, waya zote na kazi ya fundi, kwa baiskeli ya miaka arobaini karibu vyote hivyo utavinunua. Toa hiyo kwenye bei uliyokuwa tayari kulipa, inayobaki ndio ya muuzaji. Na andikishana naye, namba ya fremu mara nyingi iko chini ya tumbo la ekseli, ipige picha, aweke na sahihi, maana baiskeli za kuibiwa zipo na utakayekamatwa nayo ni wewe.

Ukifika nayo nyumbani usiiendeshe mbali kabla gololi zote hazijafunguliwa, zikaoshwa na kupakwa grisi mpya. Na ukimpelekea fundi aliyezoea mambo ya nyundo kaa naye hapohapo, mwambie kwa heshima: "Fundi, padeli ya kushoto inafunguka kwa kufuata mshale wa saa, na kikombe cha ekseli upande wa cheni, kwa kuwa ni kipimo cha Kiingereza, nacho hivyohivyo." Akikazana kukizungusha kama bolti ya kawaida atakuwa anakikaza, na siku kikivua nyuzi za fremu utakuwa umebaki na bomba za kuning'iniza ukutani.