Somo: Kupaka Sebule Kijani Kilichopoa

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniomba somo la kile kijani cha udongo, kinachofanana na majani ya mkaratusi yaliyoanza kukauka. Kwa nyumba zetu zenye jua kali naipenda sana rangi hii, kwani haiumizi macho kama nyeupe. Ila ndani yake mna kijivu, na mwanga ukibadilika nayo hubadilika. Usiichague kwa kadi ya dukani pekee.

Hatua ya 1: Ijaribu nyumbani
Mwambie muuza rangi akuchanganyie kopo la lita moja tu. Chukua kipande cha jipsamu, sentimita 60 kwa 60, kipake mikono miwili (yaani mara mbili) na kiache kikauke kabisa, maana rangi ya maji ikikauka hukolea. Kisimamishe ukuta mmoja baada ya mwingine; kitazame saa 2 asubuhi, saa 10 jioni, na usiku taa zikiwaka. Jua la jioni huivuta kwenye umanjano. Kama nje ya dirisha kuna mwembe, majani yake yanaongeza kijani ukutani, kwa hiyo chagua yenye kijivu zaidi. Halafu taa! Balbu nyeupe za 6500K huipausha ikapoteza udongo wote. Weka za 3000K, zenye mwanga wa njano, kabla hujailaumu rangi.

Hatua ya 2: Andaa ukuta
Plasta mpya ipe wiki nne. Ya zamani, kwangua inayobanduka, ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi).

Hatua ya 3: Piga hesabu
Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kina kuta za mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha, zibaki kama 37. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni kama lita 7 na nusu. Nunua makopo mawili ya lita 4 siku moja, yamimine kwenye ndoo moja ukoroge, ili ukuta usije ukawa na vivuli viwili. Karatasi ya mchanganyiko itunze.

Hatua ya 4: Paka
Anza na kona kwa brashi, fuata na rola kabla kingo hazijakauka. Dari iwe nyeupe ya maziwa. Nyeupe kali hukata chumba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, sofa zangu ni maruni. Si zitagombana?
Jibu: Hapana dada. Wekundu na kijani vinakabiliana kwenye duara la rangi, kila kimoja humwinua mwenzake. Ndiyo maana milango ya mninga inapendeza mno hapo. Mapazia tu yawe ya krimu au ya kitani, usiongeze rangi ya tatu inayopiga kelele.

Swali: Nimepanga, mwenye nyumba hataki kuta zote zibadilishwe.
Jibu: Mwombe ukuta mmoja, ule wa nyuma ya kitanda au televisheni. Mkubaliane kwa maandishi.

Swali: Bafuni kuna ukungu, nipake juu yake?
Jibu: Usipake, kaka. Ukungu utajitokeza tena. Tafuta kwanza maji yanakotoka, ziba, sugua kwa dawa ya klorini, suuza, ukuta ukauke. Kisha tumia rangi ya silki, yenye mng'ao kidogo, unayoweza kuisafisha kwa kitambaa. Jikoni vivyo hivyo.