Nyumba mlimani, teksi kijiweni: hapa Mwanza karatasi ipi inatoka kwa nani

Wakuu habari za asubuhi. Hii naandika kwa mtu mwenye kanyumba kake hapa Mwanza na kagari kamoja anataka kaanze kubeba abiria, maana ndo hali yangu na ya majirani zangu wengi huku Mabatini, na kinachotumaliza sio hela ya vibali, ni kupanga foleni kwenye ofisi ambayo siyo. Unakaa asubuhi nzima, ukifika dirishani unaambiwa hili sio letu nenda kule, ukitoka getini yupo jamaa anakwambia lete nikusaidie, hapo ushaliwa.

Kwanza ujue wewe ni wa nani. Mabatini, Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Igoma hao ni Halmashauri ya Jiji. Kirumba, Pasiansi, Nyakato, Buswelu ni Manispaa ya Ilemela, walishajitenga tangu 2012, kwa hiyo faili la kiwanja chako halipo mjini hata kama wewe kila siku unashinda Makoroboi.

Tuanze na nyumba. Mimi walinikuta na kosa kweli, sikatai. Bafu la wapangaji lilikuwa linamwaga maji juu ya jiwe yanateleza mpaka nyuma ya jiko la mama anayekaa chini yangu, mama wa watu kavumilia wee, mwisho kaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake bwana afya kapanda na kitabu chake cha notisi, kakiegemeza kwenye simtanki langu, kaandika na kaboni katikati, kachana ya juu kanipa. Mimi nikaikunja nikaweka mfukoni nikaendelea na mambo yangu, na hilo ndo kosa la pili.

Notisi ukipewa isome pale pale yeye akiwa bado yupo. Angalia umeandikiwa kosa gani na kwa sheria ipi, umepewa siku ngapi, na jina la aliyeandika pamoja na muhuri, kama kuna kitu hakisomeki muulize akusomee. Piga picha hilo tatizo siku hiyo hiyo, halafu piga tena ukimaliza kurekebisha. Ukiona siku hazitoshi, fundi hajapatikana au hela haijafika, usisubiri ziishe ndo uanze kujieleza, andika barua fupi ya kuomba muda, pitisha kwa mtendaji wa mtaa agonge muhuri, peleka ofisi ya kata na wewe ubaki na kopi iliyogongwa kupokelewa. Hiyo kopi ndo iliniokoa, kwa sababu alikuja mwingine kabisa na kizibao anataka nimpe elfu hamsini yaishe, nikamtolea barua akashuka mlima bila kuaga. Faini yoyote inalipwa kwa kontro namba, na risiti inakuja. Mtu akikupa namba yake ya simu ulipie huko, huyo mpe maji ya kunywa mwambie kwaheri.

Na kuhusu maji machafu jamani tusijifanye hatuelewi. Huku milimani mawe hayaruhusu shimo refu, ndo maana wengine wanavizia mvua kubwa waachie choo kishuke nayo, inashuka mpaka mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na ziwa ndo hilo hilo tunalivuta maji ya bomba pale Capri Point. Kama mabomba madogo ya majitaka ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza, yamepita karibu na wewe, omba kuunganishwa, utaachana na habari za notisi za choo moja kwa moja.

Ukitaka kuongeza chumba, kujenga ukuta wa mawe au kugeuza sebule iwe fremu, hapo kibali cha ujenzi kwanza, siku hizi maombi unaingiza kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Walio kando ya ziwa, Luchelele, Igombe, Kayenze, msisahau zile mita 60 kutoka maji yanapoishia, sheria ya mazingira ya 2004 inazilinda na mtendaji hana uwezo wa kukuruhusu hata mkiwa marafiki.

Kodi ya jengo wengi wanaipangia foleni bure. Hiyo inakatwa kwenye LUKU, tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ghorofa ni 7,500 kwa kila floo. Sasa shida ipo kwetu wenye vyumba vya kupangisha, umeweka mita tatu nyumba moja halafu zote zinakatwa. Nyumba ni moja, kodi ni moja. Chukua namba za mita zote, peleka ombi ikatwe mita moja tu, na kama hiyo mita ni ya mpangaji basi mrudishie hela yake kwenye kodi ya chumba, maana deni ni la mwenye nyumba. Mpangaji wangu aligundua kabla yangu, aibu niliyoipata hapo tuiache.

Haya, gari. Hapa halmashauri inakuhusu kidogo sana. Mfuatano wenyewe ni hivi: TRA unahamisha kadi iingie jina lako kama gari umenunua kwa mtu, kisha unabadili matumizi kutoka binafsi kwenda biashara, namba ya njano inatoka inakuja nyeupe. Halafu bima, na hapa sikiliza vizuri, usiendelee na ile ya gari binafsi kwa sababu ni rahisi, ukigonga una abiria wa kulipa humo ndani bima wataangalia ulisema gari ni la nini. Kisha unapeleka gari kwa trafiki likaguliwe, tairi zikiwa vipara usijisumbue kwenda. Ndo unaingia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuomba leseni ya usafirishaji, hawa ndo waliorithi kazi ya SUMATRA 2019 kwa hiyo mzee wa kijiweni akikwambia nenda SUMATRA anamaanisha hao hao.

Kijiwe ni habari nyingine. Leseni haikupi sehemu ya kupaki, ongea na viongozi wa kijiwe na uwe mpole, wale wana foleni yao ya miaka. Ushuru wa maegesho ya barabarani ni wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, usichanganye na Jiji.

Mwisho dereva. Leseni daraja D ni ya kuendeshea gari lako na familia, teksi inataka C3, bajaji ni A3. Nasema hivi kwa sababu nilimpa deiwaka, dereva wa kushikia siku moja, gari Jumamosi moja, kijana mzuri tu, hesabu alileta kila mara, hata sikumuuliza leseni. Saa nane mchana ananipigia yupo Nyegezi, "shikamoo bosi, wamenishika, wanasema D hairuhusu". Siku hizi kabla sijatoa funguo naomba leseni, nageuza nyuma nasoma daraja na tarehe, napiga picha kwenye simu, ndo anawasha gari.