SOMO: Unahamia Dar? Chagua barabara kwanza, mtaa baadaye

Kila wiki kuna anayeuliza "wakuu, nahamia Dar, nipange wapi?" bila kusema kazi yake iko wapi wala mfukoni ana nini. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Jua kazi yako iko wapi hasa. "Mjini" siyo jibu.

2. Chagua barabara. Bagamoyo inakupeleka Mwenge, Tegeta, Bunju. Morogoro inapita Magomeni na Ubungo hadi Kimara na Mbezi. Nyerere inapita uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto. Kilwa ni ya Mbagala. Kazi na kitanda vikae kwenye barabara moja. Anayelala Mbagala akafanya kazi Tegeta anavuka jiji zima kila siku, na Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini. Halafu usizame sana ndani, mbali na barabara kuu. Kodi ya huko ni nafuu kweli, ila bodaboda ya kwenda na kurudi kituoni inaila nafuu yote.

3. Hesabu pesa ya kuingilia: wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wachache mitatu, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja.

4. MVUA. Soma hii mara mbili. Dalali atakupeleka Agosti, mtaa umekauka, unaona bustani tu. Masika ni Machi hadi Mei. Zunguka nyumba uangalie kuta kwa chini: mstari wa tope, plasta inayobanduka, au rangi mpya iliyoishia kiunoni. Ukikuta mlangoni kizingiti cha tofali kinakaribia goti, kakijenga mtu aliyechoka kupiga deki tope. Usimuulize dalali kama maji hujaa. Nunua nyanya gengeni, umuulize mama, "Masika iliyopita mlifanyaje?" Ataanza kucheka kabla ya kujibu.

Mabonde ya mto Msimbazi yana historia ya mafuriko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali ilihamishia watu Mabwepande, na bado kuna wanaopangisha vyumba bondeni. Nyumba yenye X nyekundu ukutani, yaani alama ya kubomolewa, usiilipie hata shilingi. Waliokuwa kandokando ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda nje, walibomolewa 2017 kupisha upanuzi wa barabara. Mwenye nyumba akikwambia "hiyo X ya zamani", aga uondoke.

5. Maji ya bomba ya DAWASA au kisima? Kisima onja kwanza, kuna cha chumvi.

6. LUKU (umeme wa kulipia kabla): mita yako peke yako, au submita? Kama mnachangia, ugomvi uuzoee mapema.

7. Nenda mwenyewe saa 12 asubuhi siku ya kazi, upande daladala hadi kazini. Kisha rudi Jumamosi usiku usikilize baa.

8. Mkataba wa maandishi, na ujitambulishe serikali ya mtaa.

MASWALI

Mgeni_Jijini: Mkuu, nitajie mtaa mzuri wa bei poa.
— Namba 1 na namba 3.

Mgeni_Jijini: Nimesoma. Nitajie tu.
— Kazi yako iko wapi?

Mtoto wa Sinza: Umeruka Sinza. Una chuki?
— Sijataja Masaki wala Tandika pia. Hili ni somo la kuchagua, siyo orodha ya mitaa.

Nesi_Mbeya: Nimepata kazi Muhimbili, kuna zamu za usiku, nina watoto wawili. Nasita kati ya Kimara na Tabata. Nianzie wapi kupima?
— Swali zuri, dada. Kimara unapanda basi la mwendokasi, unashuka kituo cha Fire, unamalizia kwa miguu. Ila njia hiyo inapita bonde la Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha pale hufungwa. Tabata unaingia kwa Buguruni, Jangwani huioni, lakini foleni ya Buguruni utaijua. Ningekuwa wewe ningeanzia kwenye zamu: ukitoka usiku, usafiri gani upo, na kutoka kituoni hadi mlangoni pana taa? Kaa karibu na kituo hata kama chumba ni kidogo. Na kabla ya kulipa, jua nani atabaki na watoto. Jirani mwema hapo ana thamani kuliko vigae.

Nesi_Mbeya: Asante kaka. Vitu nisafirishe kutoka huku?
— Kitanda na kabati acha, utanunua vya mafundi hukuhuku. Njoo na magodoro na vyombo.

Fundi Keko: Kweli, vitanda vipo. Vya kuhamisha ndani ya jiji kodi kirikuu (pikapu ndogo), siyo lori la Canter, vichochoro vya huku havipitiki. Na patana bei ya kupakua kabla hamjaondoka, maana mkifika vijana wanakuwa na bei yao.
— Na godoro lipande mwisho.