SOMO: Wakili wa rufaa California kasema haoni hoja, sasa ufanyeje

Wadau naandika hili mara moja maana swali ni lilelile, "wakili wa mdogo wangu kasema hakuna hoja, ndo imeisha?" Haijaisha. Naongelea kesi kubwa za jinai California, rufaa ya kwanza, wakili kapewa na korti.

1. Notisi ya rufaa: siku 60 toka adhabu kutangazwa.

2. Wakili anasoma mwenendo wote wa kesi. Asipoona hoja haruhusiwi kuandika tu "rufaa haina msingi" akaondoka, hilo lilikataliwa 1967 kwenye kesi ya Anders. Toka kesi ya Wende ya 1979 anaeleza yaliyotokea kortini na kurasa zake, halafu majaji wa rufaa wanapitia faili lote wenyewe.

3. Hakikisha mrufani ametumiwa faili na wakili.

4. BARUA YA MRUFANI. Hapa ndo watu wanaharibu. Korti inampa siku 30 aandike mwenyewe. Kuna familia niliisaidia, jamaa akajaza kurasa na habari za shahidi ambaye hakuitwa na meseji za simu ambazo hazikuwahi kutolewa kortini, majaji hawakuzigusa, kwa sababu rufaa inaangalia kilichomo kwenye faili basi. Vya nje vinaenda kwa ombi la habeas corpus, yaani ombi tofauti la kuitaka korti ichunguze kama kifungo chake ni halali. Aandike ukurasa wa ngapi, jaji alisema nini, wakili alipinga au alinyamaza, na ilimuumiza vipi. Akiwa gerezani aikabidhi kwa askari ndani ya hizo siku 30 na bahasha ionyeshe tarehe, hata ikichelewa kufika inahesabika.

Na ONYO: kama rufaa ni ya ombi lililokuja baada ya hukumu, mfano lile la kufutiwa kosa la mauaji, kesi ya Delgadillo ya 2022 imesema korti hailazimiki kupitia faili. Asipoandika, rufaa inaweza kufutwa hivihivi.

5. Akishindwa, kuna Mahakama ya Juu ya jimbo. Uamuzi wa korti ya rufaa unakamilika siku ya 30 toka utolewe, kisha ana siku 10 tu za kupeleka ombi huko.

MASWALI

– Kwa hiyo wakili kamtosa?
Soma namba 2. Hajamtosa, bado yuko kwenye kesi. Majaji wakiona hoja wanaagiza pande zote ziandike.

– Mkuu nakutumia namba ya kesi uniandikie hiyo barua.
Siandiki, na namba ya kesi usiweke hapa. Faili analo yeye na saini ni yake.

– Nataka tu kuelewa, kwa nini majaji wasome kama wakili hajaona kitu?
Swali zuri dada. Mwenye hela wakili mmoja akimkatalia anatafuta mwingine, maskini kapewa huyo mmoja, sasa neno la mtu mmoja lisimfungie mlango. Na toka kesi ya Kelly ya 2006, mrufani akiandika, majaji lazima wataje malalamiko yake na kwa nini yamekataliwa. Ndo maana nakazania barua.

– Kenya kuna kesi ya Okeno ya 1972, korti ya rufaa ya kwanza inapima ushahidi upya.
Kweli kaka, ila huko inapima hata wakili akiwa na hoja zake, huku faili lote linapitiwa hivi pale wakili anapokosa.

– Wangu si raia, alikiri kosa bila kuambiwa atafukuzwa nchini.
Kama halimo kwenye faili, si la rufaa. Akishatoka kifungoni kuna ombi la kifungu 1473.7 cha sheria ya jinai ya jimbo. Tafuteni mapema wakili anayejua jinai na uhamiaji pamoja, uhamiaji wakimchukua kabla hamjajipanga mtahangaika sana.